Mpira Chini ya Kibao cha Stovu

Mpendwa Bibi Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Mimi ni msichana wa darasa la nane, na ninaandika barua hii darasani baada ya wenzangu kwenda nyumbani, kwa sababu kwetu hakuna mahali pa kukaa na kalamu bila mtu kuuliza unamwandikia nani. Nakuomba unisaidie, na nakuomba pia ubadilishe majina, maana nitakaowataja ni watu wema na mkosaji ni mimi.

Tunakaa katika nyumba za reli, na Baba ni mfanyakazi wa reli. Miaka miwili iliyopita alinunua stovu ya chuma katika mnada wa shamba moja karibu na Gilgil, mwenye shamba alipokuwa akirudi kwao Ulaya, akaileta kwa gari la moshi, na tangu siku hiyo Mama anaitunza kama mtoto, kila jioni anaipaka mafuta ya kondoo juu na kuisugua mpaka inang'aa, isishike kutu. Lakini stovu hiyo imechukua mahali ilipokuwa meza, na jiko letu ni dogo, na mwaka huu ziwa limerudi nyuma sana na upepo wa mchana unatuletea vumbi jeupe la magadi ambalo linaingia hata katika sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo mimi nikafikiri nitengeneze kibao cha kuifunika stovu wakati haipiki, kizuie vumbi na kiwe meza ya kukandia unga. Mbao nilizipata katika kasha lililovunjika, nikazipiga randa kwa randa ya Baba, nikaziunga tatu kwa vipande viwili vya kupita chini, nikasugua kwa msasa siku nne mpaka hata uzi wa khanga haunasi.

Mama alikipenda mno. Alikuwa akiwaita majirani waje wakione, na anawaambia, "Haya mnaona? Ndiyo kazi wanayofundishwa shuleni." Nakuomba ulikumbuke neno hilo, Bibi Mshauri, kwa sababu Mwalimu Jepkorir, anayetufundisha kazi za nyumbani, ameandika jina langu kwa chuo cha walimu wa kike, na fomu inatakiwa irudi na sahihi ya mzazi kabla ya mwisho wa mwezi huu, na Mama ndiye aliyekuwa hataki niende kulala mbali na nyumbani, na Baba amesema atatia sahihi siku Mama atakaporidhika. Kibao kile kilikuwa kimeanza kumridhisha.

Ila kilikuwa kinateleza. Juu ya chuma kilichopakwa mafuta, ukikanda unga ukisukuma mbele, kibao nacho kinakwenda mbele, na siku moja dada yangu Samsam aliangusha bakuli la mayai sakafuni, akaniambia, "Fundi, kibao chako kina safari. Kifunge kamba kama mbuzi." Nikaona haya. Pale shuleni tuna stovu kama yetu na kibao kama changu, na Mwalimu Jepkorir amekibandika vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli chini, nacho hakisogei hata kidogo. Basi nikaenda kwa jirani yetu, Baba Wanjugu, jina lake Hiram, ambaye anashona viatu vya akala kwa matairi ya zamani, nikamwomba kipande cha tyubu. Alinipa bure na gundi ya kuzibia pancha juu yake, akanikatia vipande vinne kwa kisu chake mwenyewe vikatoshana. Nilivibandika Alhamisi jioni bila kumwambia mtu, nikitaka Mama aone mwenyewe. Ijumaa alasiri, stovu ikiwa imepoa, Mama alikanda chapati akasema, "Leo kimetulia," nikafurahi kimoyomoyo, wala sikusema kwa nini kimetulia.

Sasa lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu. Stovu yetu hailali baridi. Usiku Mama anafukia makaa ndani ya majivu ili alfajiri yawe hai, na anafanya hivyo kwa ajili ya Mama Wanjugu, mke wa Hiram, ambaye huuza uji kwa watu wa zamu ya asubuhi. Zamani Mama Wanjugu alikuwa anawashia moto kwa mabaki ya mpira wa mumewe, na moshi mweusi ulikuwa unaingia nyumba zote za mstari wetu, ndipo Mama akamwambia, "Dada, acha mpira, njoo kwangu uchukue moto kila siku." Wakaelewana hivyo. Kila alfajiri anakuja na karai lake, anachukua makaa mawili matatu, wanazungumza kidogo mlangoni, na mara nyingine huacha kikombe cha uji kwa ajili yangu.

Jumamosi ile walikuwa wanakuja wazee kutoka Naivasha kumposa Samsam. Mama Wanjugu alikuja alfajiri, akachukua moto wake, akaenda. Mama alikuwa na haraka, akaweka kibao juu ya stovu asubuhi ile, akakanda unga wa mkate, akauacha palepale ufure kwa joto la yale makaa yaliyobaki majivuni, akaufunika kitambaa akaenda kuoga. Mimi niliingia jikoni nikasikia harufu. Nikainua kibao. Mipira miwili ilikuwa imelainika kama lami imegandia chuma, na gundi ilikuwa inatoa moshi mdogo, nami nikashtuka nikachukua kisu nikakwangua upesi, nikabandua vipande vyote vinne nikavificha katika kopo la misumari chini ya kitanda changu, nikarudisha kibao na unga kama vilivyokuwa. Alama nyeusi zilibaki juu ya chuma. Nilidhani zitaondoka kwa moto. Mama alirudi, akakoleza kuni, akatia mkate katika tumbo la stovu, na zile alama zikaanza kuungua, na jiko zima likanuka mpira, na mkate ukanuka mpira.

Wageni walikaa, wakatiliwa chai, wakapewa mkate, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuoka mwingine. Wanaume walitafuna wakishushia na chai. Lakini shangazi wa bwana harusi, Bi Khamisa, mama mmoja mcheshi, alikinusa kipande chake akasema, "Mama Samsam, mkate huu umekuja kwa miguu au kwa lori?" Watu wote wakacheka, na Mama akacheka, lakini nilimwona anakaza macho asilie. Posa ilikubaliwa, namshukuru Mungu.

Jumapili alfajiri Mama Wanjugu alikuja kama kawaida.

"Hodi, Mama Samsam. Nimekuja kwa moto."

Mama akasimama mlangoni akasema, "Moto wako haupo. Kawashe kwa mpira wako uliozoea."

"Mpira gani?"

"Ule uliotia katika stovu yangu jana, ulipoona makaa yamelegea. Nilikuomba jambo moja tu, moja! Ukaenda kuniaibisha mbele ya wakwe zangu."

"Mimi? Haki ya Mungu, mimi nimechukua makaa tatu na nimeenda zangu. Sijaweka kitu kwa stovu yako. Uliza huyu msichana, alikuwa hapa anafagia."

Wote wawili wakanigeukia. Bibi Mshauri, nilikuwa nimeshika fagio, na nilikuwa nimemwona vizuri sana, alichukua makaa matatu kwa koleo akafunga mlango wa stovu kwa ukucha wa kidole ili usipige kelele. Nikasema, "Sikuangalia."

Mama Wanjugu alinitazama kidogo, akainua karai lake tupu, akasema, "Basi, Mama Samsam. Mungu ameangalia," akaenda.

Leo ni siku ya sita. Hawasalimiani. Mama Wanjugu amerudi kuwasha kwa mpira, na kila alfajiri moshi unaingia kwetu, na Mama anasema, "Si mnaona? Ndiyo tabia yake," na kila siku neno lake linapata ushahidi ambao mimi ndiye niliyeuleta. Juzi nilikutana na Hiram kwenye bomba la maji, akaniuliza, "Ule mpira ulikufaa, binti?" Nikajibu, "Ndiyo, baba, asante," nikaondoka na ndoo haijajaa. Sijui kama anajua au aliuliza tu.

Ninataka kusema, lakini nikisema Mama atajua kwamba kibao alichokisifia kila mlango ndicho kilichomtia aibu, na kwamba shule ndiyo iliyonifundisha kukibandika mpira, na fomu haijatiwa sahihi. Je, nisubiri sahihi itiwe kwanza ndipo niseme? Zimebaki siku kumi na mbili. Na tafadhali uniambie pia namna ya kubandika mpira usiyeyuke, kwa kuwa sasa kibao kinateleza tena na Mama ameanza kuuliza kwa nini.

Ni mimi,
Mwanafunzi, Nakuru

*

Binti yangu,

Majina nimeyabadilisha. Mwandiko wako ni safi na hesabu ya siku unaijua, kwa hiyo sitakusemesha kama mtoto mdogo.

Unaniuliza kama usubiri sahihi. Hapana. Unachotaka kufanya ni kumfanya mama yako aridhike kwa jambo ambalo si kweli, kisha umwambie ukweli ukiwa umeshapanda gari la moshi na sanduku lako. Siku hiyo atakuwa amepoteza binti na jirani kwa pamoja, na hataamini tena barua yoyote utakayomwandikia kutoka chuoni. Huo ndio ukubwa wa jambo hili. Mkate umeshaliwa na wageni wameshacheka. Posa imekubaliwa, na huyo Bi Khamisa nadhani ni mtu mwema, kwa maana asiyekupenda hakutanii mbele ya watu.

Kosa la mpira silihesabu sana. Uliona kitu kikifanya kazi shuleni, ukakifanya nyumbani kwa mikono yako. Mwalimu wako naye hakukosea. Stovu ya shule hukombwa majivu baada ya somo na kulala baridi, na mpira juu ya chuma baridi ni dawa nzuri ya kuteleza. Stovu ya mama yako inatunza moto wa watu wawili. Ulipaswa kuliona hilo, na ulipaswa kumwambia mama yako kuna nini chini ya kibao chake kabla hajakiweka juu ya makaa. Ukitaka kumshangaza mtu, mshangaze kwa kitambaa cha kudarizi. Mambo ya moto tunaambiana.

Ila lile neno "Sikuangalia" nalihesabu. Uliulizwa na mtu mzima aliyekuwa akikuachia uji wake, naye hakukuomba umtetee, alikuomba useme ulichokiona. Uliona mpaka ukucha wa kidole chake. Unataka kwenda kufundisha watoto wa watu, na watoto watakuja kwako wakisema mwalimu, fulani kanisingizia, wewe ulikuwepo. Utajibu nini?

Unauliza kama Hiram anajua. Anajua, binti yangu. Mtu anayekata mpira kila siku anaijua harufu yake ikiungua, na anakumbuka alimkatia nani vipande vinne. Mkewe amesingiziwa, naye angeweza kuvuka ua na kusema maneno mawili tu yakamaliza yote. Hakuvuka. Alikuuliza wewe kwenye bomba, kwa upole, akakupa nafasi, nawe ukakimbia na ndoo nusu. Hatakungoja mwaka mzima.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Mtafute mama yako akiwa peke yake, asiwepo Samsam wala baba yako, na usiende wakati anapika. Chukua lile kopo, mpe vile vipande mkononi. Anza na neno, "Mama, Mama Wanjugu hakutia kitu, ni mimi," na uliseme kwanza kabisa, kabla ya kueleza habari za shule na gundi, maana ukianza na maelezo utazunguka mpaka useme nusu. Akigomba, nyamaza. Akilia, kaa. Usitaje fomu. Nasema tena, siku hiyo fomu isitajwe kwa mdomo wako hata kidogo.

Kisha umwombe ruhusa uende kwa Mama Wanjugu. Kama atakwenda nawe, vizuri, kama atakutuma peke yako, nenda. Na usije ukamwambia mama yako kwamba naye anatakiwa kuomba radhi. Hiyo si kazi yako. Wewe toa yako, yake ataitafuta mwenyewe. Kwa Mama Wanjugu usiseme ulisahau wala ulichanganyikiwa. Sema, "Nilikuona, nikasema sikuangalia." Mumewe akiwepo, mjibu na lile swali lake la bombani.

Haya, kibao. Tyubu iache, hakuna namna ya kuibandika isiyeyuke juu ya chuma cha moto, na gundi ya pancha inaachia hata kwa mvuke wa birika. Tafuta ngozi ya ng'ombe, mkanda wa zamani au ulimi wa kiatu kilichochoka. Kata vipande vinne, upana wa vidole viwili, uviweke kwenye ncha za vile vipande vya kupita chini, upande wa ngozi wenye mkwaruzo utazame chuma. Vipige kwa misumari mifupi ya washona viatu, minne kila kipande, na vichwa uvizamishe ndani ya ngozi kabisa visije vikaikwaruza stovu ya watu. Halafu pigilia ubao mwembamba ukingoni mbele na mwingine nyuma, zining'inie kidogo chini ya ukingo wa stovu, ili hata ngozi ikichoka kibao kisipate pa kwenda. Mama yako aendelee kupaka mafuta yake, lakini pale ngozi inapokaa pafutwe kwa majivu makavu na kitambaa. Mafuta yakibaki pale, hata ngozi itateleza.

Na hata ukifanya yote hayo, kibao cha mbao hakikai juu ya moto uliofukiwa. Mlikuwa na bahati kilichoungua ni mpira, ingeweza kuwa nyumba yenu na mstari mzima wa nyumba za reli. Kabla ya kukiweka, tandaza kiganja juu ya chuma uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, ngoja. Unga ufurie karibu na stovu, usiwekwe juu yake. Makaa ya alfajiri yahamishiwe katika chungu kizee chenye majivu, kikae nje ya mlango wa jiko penye sakafu ya saruji, na Mama Wanjugu, kama atarudi, ayakute hapo.

Sikuahidi kwamba atarudi. Sikuahidi sahihi pia. Mama yako anaweza kukasirika mwezi mzima na nafasi ikapita, na mwakani ukaomba tena ukiwa na miaka kumi na sita, umri ambao si mkubwa. Lakini mimi nina binti zangu, na nakwambia yale ambayo mama huwaza usiku wa pili, hasira ikishapoa. Anajiuliza, huyu mtoto akiwa mbali na akafanya kosa, ataniambia? Mama yako anaogopa chuo kwa sababu hana jibu la swali hilo. Ni wewe tu unayeweza kumpa, na jibu hilo halipatikani katika ubao uliopigwa randa vizuri.

Jambo la mwisho. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti linatoka Jumamosi. Majina nimebadilisha, lakini stovu yenye kibao iko moja katika mstari wenu, na gazeti hili linasomwa kwa sauti katika kila nyumba ya reli. Kwa hiyo nakala ya jibu hili nimeitia posta Jumanne asubuhi, kwa anwani ya shule na jina lako, kama ulivyoandika nyuma ya bahasha, na itakuwa imekufikia Jumatano. Umekuwa na siku tatu ambazo msomaji mwingine hana. Kama umekwisha kusema, pindua kibao upige misumari. Kama hujasema, liweke gazeti chini uende kwa mama yako sasa hivi.

Mshauri wako